Adesi ya Mbinguni: Galaksi NGC 4993 na Istilahi za Falaki katika Kiswahili



Alhamisi tarehe 17 Agosti 2017, saa 9:41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo miwili ya LIGO iliyojengwa Hanford na Livingston, nchini Marekani, ilinasa mtikisiko hafifu uliodumu kiasi cha sekunde 100. Sekunde 1.7 baada ya mtikisiko huo kukoma, setilaiti ya Fermi ilinasa mmweko mfupi wa miali ya gama. Mtambo wa tatu, Virgo, ulioko karibu na Pisa nchini Italia, haukunasa karibu chochote. Kimya hicho kikawa ushahidi mkubwa, kwani mtambo ulikuwa ukifanya kazi wakati huo, na kama haukunasa kitu ilikuwa kwa sababu chanzo cha mtikisiko kilikuwa katika mojawapo ya pembe ambazo mtambo huo hauzipokei vizuri. Basi eneo la kutafutwa likapungua hadi kipande cha anga chenye nyuzi mraba 30 hivi, ambamo mwezi mpevu ungeweza kupangwa zaidi ya mara 100.

Ilibidi kungoja jua litue nchini Chile. Sehemu hiyo ya anga, katika mwezi wa Agosti, haikai mbali na jua, kwa hiyo wanafalaki walikuwa na muda mfupi tu wa giza kabla haijazama. Kiasi cha saa 11 baada ya mtikisiko, darubini ya Swope yenye kioo cha upana wa mita 1, katika kituo cha Las Campanas, ilipiga picha ambamo palionekana nukta mpya ya nuru. Nukta hiyo ilikuwa ubavuni mwa galaksi hafifu ambayo kabla ya jioni ile haikuwa na umaarufu wowote. Matokeo yalipotangazwa tarehe 16 Oktoba 2017, vituo vipatavyo 70 vya ardhini na vya angani vilikuwa vimekwisha kuielekezea macho, ikiwamo Darubini Kubwa ya Kusini mwa Afrika iliyoko Sutherland.

Mkasa huu unafaa kujadiliwa katika ukumbi wa wanaisimu, kwa sababu mwenye kutaka kuusimulia kwa Kiswahili sanifu hukwama mapema sana. Hukwama kabla ya kufika kwenye hisabati. Hukwama kwenye nomino.

Galaksi yenyewe haina jina, ina namba. NGC 4993 ni namba ya katalogi iliyokusanywa na J. L. E. Dreyer, mwanafalaki mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi Armagh, Ireland, na kuchapishwa mwaka 1888. Aliyeiona kwanza ni William Herschel, tarehe 26 Machi 1789, huko Uingereza. Herschel hakujua kwamba ameona galaksi. Alichokiona ni kiwingu, na kiwingu ndicho alichokiandika, kwa neno la Kilatini lenye maana ya ukungu au wingu. Mwanafalaki Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi alikuwa ametumia taswira ya namna hiyohiyo mnamo mwaka 964, alipoieleza galaksi ya Andromeda kuwa ni kiwingu kidogo. Ilikuja kuthibitika katika miaka ya 1920 tu, kwa kazi ya Edwin Hubble, kwamba vingi vya viwingu hivyo ni mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, iliyo mbali nje ya mkusanyiko wetu. Hata namba yenyewe haikutulia: katalogi ya Dreyer inakitaja kitu hikihiki mara mbili, kama 4993 na tena kama 4994. Wanaodhani kwamba namba hukwepa matatizo ya lugha wana la kujifunza hapo.

Makazi yake ni katika kundinyota ambalo Wazungu huliita Hydra, na ambalo katika mapokeo ya Kiarabu, na kupitia hayo katika Kiswahili, huitwa Shuja. Hapa pana jambo la kuwafurahisha wanasemantiki. Msikilizaji wa Kiswahili husikia neno hilo na kumwona jasiri, mtu mwenye mkuki na ngao. Lakini kundi lenyewe ni nyoka mrefu kuliko makundi yote ya nyota, na Waarabu hawakukosea: katika Kiarabu neno hilo lina maana mbili, jasiri na aina ya nyoka. Anayeifahamu Hadithi ya mtu aliyezuia zaka, ambaye mali yake itamjia Siku ya Kiyama katika sura ya nyoka mwenye kipara, amekwisha kukutana na maana hiyo ya pili. Kiswahili kilikopa neno na kuchukua nusu ya maana. Nusu iliyobaki imelala mbinguni, haina anayeidai.

Urithi wa Kiswahili katika elimu ya nyota si mdogo. Manahodha waliosafiri kwa pepo za kusi na kaskazi walihitaji nyota kuliko mtu yeyote. Wakulima waliitazama Kilimia, kundi ambalo jina lake limetokana na kitenzi kulima, wakapima kwayo majira ya mvua. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyopo katika kamusi. Jan Knappert alichapisha mwaka 1993 makala juu ya majina ya Kiswahili ya nyota, sayari na makundinyota. Neno darubini limetoka Uajemi, na ukilifumua unapata maneno mawili, mbali na kuona. Wahenga walichukua chombo pamoja na jina lake, wakaendelea na safari.

Tatizo lilianza pale istilahi ilipoanza kuundwa kwa kutazama neno la Kiingereza badala ya kutazama kitu. Mfano ulio wazi ni sayari iliyo karibu kabisa na jua. Kiswahili kilikuwa na jina lake, Utaridi. Lakini kwa kuwa katika Kiingereza sayari hiyo na madini yale ya majimaji yanayotiwa katika vipimajoto vina jina moja, na kwa kuwa madini hayo kwa Kiswahili ni zebaki, vitabu vya shule viliibatiza sayari jina la Zebaki. Kizazi kizima kimekariri jina ambalo ni ajali ya kamusi ya lugha nyingine. Hakuna Mwarabu, Mwajemi wala Mswahili wa zamani aliyewahi kudhani kwamba ile nyota ndogo ya machweo ina uhusiano na kipimajoto.

Sasa turejee kwenye NGC 4993 na umbo lake. Galaksi nyingi ama ni za duaradufu, zilizojaa nyota kuukuu bila mpangilio wa sahani, ama ni bapa na zenye mikono iliyojiviringa, ambamo gesi na vumbi huzaa nyota mpya. Hubble, katika kitabu chake cha mwaka 1936, aliweka baina ya makundi hayo mawili kundi la tatu alilolipa alama ya S0. Galaksi za kundi hilo zina kitovu kilichotuna na sahani bapa inayokizunguka, lakini mikono hazina. Gesi zimebakiwa na kidogo. Nyota zake nyingi ni za zamani, na mpya hazizaliwi ila kwa nadra. Ukizitazama kwa ubavu, zimevimba katikati na kuchongoka pembeni. Wanafalaki wa Ulaya waliliita umbo hilo kwa neno lenye asili katika Kilatini, na asili hiyo ni jina la nafaka ya jamii ya kunde ambayo punje yake ni bapa na imetuna pande zote mbili.

Hapa mtunga istilahi wa Kiswahili ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kutohoa: galaksi lentikula. Neno hilo linatamkika, halivunji kanuni ya silabi, na mtaalamu wa ng'ambo atalitambua. Ila kwa mwanafunzi halisemi lolote. Atalikariri kama alivyokariri Zebaki.

Njia ya pili inavutia zaidi: galaksi lenzi. Lenzi ni neno la darasani, lililokwisha kuzoeleka, na kwa hakika asili yake ni ileile punje ya Kilatini, kwani mafundi wa vioo wa Ulaya waliona kioo kilichotuna pande mbili, wakakumbuka nafaka. Lakini njia hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni mdogo: somo la fizikia linafundisha lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, na galaksi hizi zinafanana na ile ya kwanza tu. Mtego wa pili ni mkubwa na unatosha kuikatalia njia hii. Katika falaki ya leo kuna galaksi ambazo uzito wake hupinda nuru ya vitu vilivyo nyuma yake, zikafanya kazi ya lenzi hasa. Umbo la galaksi kama hiyo linaweza kuwa lolote. Istilahi galaksi lenzi, kwa sarufi ya Kiswahili ilivyo, itaelekea kwenye dhana hii ya pili kabla ya ile ya kwanza, kama vile mwanamgambo anavyoeleweka kwa kazi yake, wala hakuna anayeuliza sura yake. Kulitumia neno moja kwa dhana mbili zilizo katika sura moja ya kitabu ni kumtegea mwanafunzi shimo.

Njia ya tatu ni kurudi kwenye nafaka yenyewe. Na hapo ndipo soko linapoingia katika isimu. Neno linalomjia mtu kwanza ni dengu. Lakini dengu ya nani? Katika masoko ya Tanzania, dengu ni ile punje ya mviringo yenye kipembe, inayolimwa sana kanda ya Ziwa na kuuzwa nje. Punje hiyo haina ubapa wowote, na galaksi inayofanana nayo haijaonekana. Nchini Kenya, ndengu ni kitu kingine kabisa, kile ambacho Mtanzania huita choroko. Na ile punje bapa inayotakiwa hapa, Wakenya wengi huiita kamande. Mwanafunzi wa Mwanza na mwanafunzi wa Machakos wakiambiwa galaksi imefanana na dengu, watachora michoro miwili, na yote miwili itakuwa na makosa.

Lipo hata hivyo neno adesi. Kamusi za zamani zinalo, limetokana na Kiarabu, na maana yake ni ile punje bapa hasa. Faida yake haiishii hapo. Katika Kiarabu neno hilohilo ndilo linalotumika kwa kioo cha miwani na cha darubini, kwa mfanano uleule walioutumia Walatini. Na wanafalaki wa Kiarabu wa leo huiita galaksi ya aina hii kwa kivumishi kilichotokana na adesi. Kiswahili kingelichukua neno hilo, kisingekuwa kinabuni wala kutafsiri. Kingekuwa kinaliamsha neno lake lililosinzia. Pingamizi la kweli ni kwamba vijana wengi hawalijui neno adesi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linapungua mtu akikumbuka kwamba hawaijui lentikula pia, na kwamba adesi inaweza kuonyeshwa darasani kwa kufungua kiganja, jambo ambalo lentikula haliwezi. Galaksi adesi, basi, ndiyo istilahi inayostahili kupendekezwa hapa, pamoja na maelezo ya jikoni mara ya kwanza inapotajwa.

Ugumu mwingine uko katika mtikisiko wenyewe. Kilichonaswa na LIGO ni mawimbi yaliyotabiriwa na nadharia ya Einstein, mnyoosho na mbano wa nafasi yenyewe unaosafiri kwa kasi ya nuru. Wapo wanaoyaita mawimbi ya mvutano. Neno mvutano ni zuri kimofolojia kuliko wengi wanavyotambua. Kiambishi cha kutendana kilichomo ndani yake kinabeba fizikia sahihi, maana Dunia huvuta embe na embe huvuta Dunia, na hakuna mvutaji asiyevutwa. Newton angelipenda. Lakini magazeti yamekwisha kulitwaa. Mtu akisoma kichwa cha habari kisemacho kwamba mawimbi ya mvutano yamegunduliwa, atadhani kuna vyama viwili havielewani juu ya uchaguzi mdogo. Uvutano, lenye kiambishi kilekile cha kutendana na lisilo na doa la siasa, ndilo linalofaa, na vitabu kadhaa vya sayansi vimekwisha kulitumia. Kinachotakiwa ni kushikamana nalo.

Chanzo cha mawimbi hayo kilikuwa nyota mbili za nyutroni, masalio ya nyota kubwa zilizokufa, zenye jumla ya uzito upatao mara 2.7 ya uzito wa jua, kila moja ikiwa imebanwa katika tufe lisilozidi ukubwa wa mji. Zilizungukana, zikakaribiana, zikagongana. Kwa kuwa NGC 4993 iko umbali wa miaka ya nuru kati ya milioni 130 na 140, mgongano huo ulitokea wakati dinosau wangali wanatembea juu ya nchi, na habari zake zikafika alasiri ile ya Agosti. Mlipuko wa namna hii huitwa kilonova, jina lililotungwa mwaka 2010 kwa hesabu kwamba hung'aa kiasi cha mara elfu kuliko nova ya kawaida. Neno hilo litoholewe lilivyo. Atakayedhani kwamba kilo ni ya sukari atasahihishwa kwa sentensi moja.

Umuhimu wa mlipuko huo unamgusa kila aliyevaa pete. Kwa miaka mingi haikujulikana kwa uhakika dhahabu, platini na elementi nyingine nzito hutengenezwa wapi. Nyota za kawaida huunganisha viini vya atomu hadi kufikia chuma, lakini kwa njia hiyo haziendelei zaidi. Ili kupata dhahabu, viini hulazimika kunasa nyutroni nyingi kwa kasi kubwa kabla havijapata nafasi ya kuoza, na mahali penye nyutroni za kutosha ni pachache. Nuru ya kilonova ile ilianza ikiwa ya buluu, na katika muda wa siku chache ikageuka nyekundu na kufifia, sawasawa na ilivyotarajiwa kwa wingu lililojaa elementi nzito. Makadirio ya dhahabu iliyotawanywa jioni moja yanafika mara kadhaa ya uzito wa Dunia nzima. Inafaa kuongeza, kwa ajili ya haki, kwamba alama ya dhahabu peke yake haikusomwa katika nuru hiyo; elementi ya kwanza kutambuliwa waziwazi, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, ilikuwa stronti. Dhahabu inakubaliwa kwa hoja ya kifizikia, kama mgeni ambaye viatu vyake vimeonekana mlangoni.

Kilwa ilipostawi kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, hadi Ibn Battuta akaitembelea mwaka 1331 na kuisifu, hakuna aliyehitaji kuuliza madini hayo yaliumbwa wapi. Leo swali limeulizwa na kupata jibu, angalau sehemu yake. Mtoto wa Geita anayeishi jirani na mgodi ana haki ya kulisoma jibu hilo katika lugha aliyofundishwa nayo sayansi tangu darasa la kwanza. Kwa muda mrefu, mtoto huyo alipoingia kidato cha kwanza aliacha nyuma istilahi zote na kuanza upya kwa Kiingereza, na hoja iliyotolewa kila mara ni kwamba maneno hayatoshi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tangu hapo hoja ya uhaba wa maneno imehitaji kusemwa kwa tahadhari. Mara nyingi maneno yapo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuchagua moja na subira ya kulitumia miaka 20.

Jambo moja zaidi kuhusu galaksi yenyewe. Picha za darubini ya anga ya Hubble zimeonyesha kuwa adesi hii haikuwa tulivu kama ilivyodhaniwa. Pembeni mwake pana matabaka hafifu ya nyota yaliyopangana kama maganda ya kitunguu, na karibu na kitovu pana michirizi ya vumbi. Hizo ni dalili kwamba ilikwisha kuimeza galaksi nyingine ndogo, pengine katika miaka bilioni moja iliyopita. Kumeza ni kitenzi ambacho wanafalaki wa lugha nyingi hukitumia hapa, na Kiswahili hakina sababu ya kukikwepa. Kundi la nyota lenyewe, tukikumbuka maana ile iliyosahauliwa, ni nyoka.

NGC 4993 haionekani kwa macho matupu, na haikaribii kuonekana. Lakini katika usiku wa Aprili na Mei, kwa mtu aliyesimama Dar es Salaam, hupita juu sana, kiasi cha nyuzi 17 tu kusini ya utosi, mahali pazuri kuliko palipopata kuwa kwa Herschel, ambaye aliitafuta chini karibu na upeo wa macho wa Uingereza. Kwa darubini ya wastani, mbali na taa za mji, atakachokiona ni kibaka cha mwanga kisicho na mikono wala rangi, chenye katikati angavu kuliko kingo.